Nusu Goli la Masasi

Jumatano, 16 Julai 2025

Sijawahi kumwambia mtu: mpira siujui. Wakisema ofsaidi, naitikia tu. Ila nimesoma, kwenye gazeti lililofungiwa maandazi, jinsi wanaobeti wanavyoipa timu dhaifu magoli ya kuanzia. Hesabu tupu! Na hesabu naziweza.

Jumamosi Masasi wanakuja kucheza na wavulana wetu hapa Newala. Kila mtu anajua Masasi watashinda. Hakuna ubishi, kwa hiyo hakuna dau. Dawa ninayo: wavulana wetu nawapa magoli mawili na nusu kabla filimbi haijalia. Anayewashabikia anashinda hata wakifungwa, mradi wasizidiwe kwa zaidi ya mawili. Mimi nasimama na Masasi.

Dau ni ndoo. Atakayeshindwa atamtekea mwenzake maji ya zamu hadi shule ifungwe. Kisima kiko bondeni kabisa. Kupanda na ndoo kichwani kunakula jioni nzima. Nikishinda, jioni zangu ni za vitabu. Mtihani wa utamilifu umekaribia!

Alhamisi, 17 Julai

Bweni zima limecheka. Sijaona, jirani yangu wa kitanda, akauliza nusu goli hufungwaje, mpira ukikwama mstarini? Nikamweleza kwa upole kwamba nusu inazuia sare. Lazima mmoja alie. Akasema basi nianze mazoezi ya kulia. Agatha akataka kujua kama wageni watakula kabla ya mechi au baada. Nilimhurumia. Mtu anapewa hesabu, anawaza pilau! Wote wawili wamechukua upande wa wavulana wetu. Maskini.

Jumamosi, 19 Julai

Mapumziko: Masasi nne, sisi bila. Nikapiga vigelegele, peke yangu, katikati ya wenyeji. Matroni akaniita msaliti.

Kisha upepo ukageuka. Harufu ya pilau ikaingia uwanjani. Kumbe wageni wanakula baada! Na huku kwetu mgeni hamfungi mwenyeji bila huruma kisha akanawa mikono apakuliwe. Humwachia magoli ya heshima. Hilo halikuwemo gazetini. Anselmo, nahodha wao, akawanong'oneza wenzake. Kipa akainama kufunga kamba za kiatu cha kulia. Goli! Akakumbuka na cha kushoto. Goli! Nikapaza sauti kwamba huo si uungwana. Anselmo akanigeukia: “Dada, nyama utanipa wewe?”

Nne kwa mbili. Masasi wameshinda, mimi nimeshindwa. Ningeacha mawili kavu, tungetoka sare. Ile nusu niliitia kwa mkono wangu mwenyewe.

Jumatatu, 21 Julai

Ndoo yangu, ya Sijaona, ya Agatha. Shingo imezama kifuani. Agatha ananipokea mlangoni: “Pole, Mama Masasi.”

Nimetafakari sana. Kosa halikuwa kubeti. Kosa ni kubeti nisichokijua. Mtihani naujua! Kwa hiyo nimempa Sijaona alama thelathini na nusu za kuanzia kwenye hisabati za utamilifu. Nisipompita kwa zaidi ya hapo, nitamfulia nguo pia. Amekubali upesi, bila kuinua macho kwenye kitabu. Anasoma tangu tulipotoka darasani. Siku hizi jioni ana nafasi.

Tukapeana mikono. Nikachukua ndoo yake, nikashuka bondeni.