Goti Langu na Utafiti wa Tofali

Jumatatu, 3 Juni
Goti limenigomea. Nimepanda ngazi na ndoo ya zege, nikakwama katikati kama shati kwenye kamba. Fundi mkuu kaniona. Kasema wiki ijayo tunaanza ghorofa ya pili, asiyeweza kupanda abaki kwake. Kipara, kibarua mwenzangu, kacheka mpaka toroli likamponyoka. Ngoja tu!

Jioni kapita shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu. Ni nesi. Kasema hospitalini kwao wanafanya majaribio ya dawa mpya ya magoti, wanatafuta watu. Niende dirisha la utafiti nikaulize. Bure.

Bure? Hapo pana jambo.

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda. Dada wa dirishani kaeleza mpaka nikasinzia. Dawa huenda isisaidie. Huenda ikanidhuru. Wengine watapewa vidonge vitupu visivyo na dawa na hawatajua. Naweza kujitoa siku yoyote. Nikiwa na shaka nipige simu kwa kamati iliyoidhinisha utafiti, namba hii hapa.

Mtu anayeijua dawa yake anaongea hivyo? Nimeaga.

Jumatano, 5 Juni
Bahati! Kinyozi kanikutanisha na Daktari. Koti jeupe, miwani, vumbi la saruji kwenye viatu. Naye ana utafiti wa magoti. Mimi si mjinga, nimehakikisha kwanza. Nimemuuliza kama anaaminika. Kasema sana! Hakusita hata kidogo. Kule hospitali ilikuwa huenda, huenda tupu.

Sharti lake moja: siri. Vizuri. Kipara asisikie.

Alhamisi, 6 Juni
Baada ya kazi, jaribio. Nimekunywa kijiko cha maji meusi. Halafu nikabeba tofali kutoka barabarani hadi uani kwa Daktari, ili goti lipimwe likiwa kazini. Sayansi hiyo. Kuna ukuta unajengwa pale uani. Daktari kasema nisishughulike na ukuta, nishughulike na goti.

Marehemu mke wangu angeuliza maswali mawili, mambo yangeharibika. Nimemkumbuka sana.

Ijumaa, 7 Juni
Nani nimemkuta uani anachanganya mchanga na saruji? Kipara! Kumbe ana bega bovu, na alikuwa ananificha. Yeye ni kundi la pili. Kajisifu dawa yake ni tamu kuliko yangu. Nimepandwa na hasira, nikabeba tofali nne kwa mpigo. Goti likalia ko! Daktari kasema hiyo ndiyo dawa inaingia.

Jumamosi, 8 Juni
Ukuta umekwisha. Utafiti nao umekwisha. Daktari kautazama kwa jicho moja, kasema matokeo yamenyooka. Akafunga geti. Tukagonga, tukauliza dawa iliyobaki. Aliyejibu ni mbwa.

Jumapili, 9 Juni
Goti kama tikiti. Shemeji kaja, kasikia yote, kakaa chini. Kasema heri dada yake hayaoni haya. Kaniuliza kama nimetibiwa au nimefanyishwa kibarua. Nimemwambia mambo ya utafiti ni magumu, hawezi kuelewa. Kanikanda kwa barafu.

Jumatatu, 10 Juni
Ghorofa ya pili imeanza bila mimi. Fundi mkuu kalitazama goti, kaniambia pole, nenda. Kipara kapanda na bega lake bovu. Hata kucheka hakucheka. Hiyo imeniuma zaidi.

Shemeji kanikokota mpaka dirishani. Dada kauliza nimetumia dawa gani karibuni. Maji meusi. Ya nini? Sijui. Basi siwezi kuingia sasa, nirudi mwezi ujao wanipime upya. Kanifundisha la kuuliza kila ninapoambiwa kuna utafiti: nani kauidhinisha, umesajiliwa wapi, una madhara gani. Nimeyashika yote.

Jumanne, 11 Juni
Sina kazi, nikaenda kunyoa. Kinyozi ana mtaalamu mwingine, huyu mkubwa zaidi. Safari hii sikubali kudanganywa! Nimeuliza yote matatu. Nani kaidhinisha? Yeye mwenyewe. Umesajiliwa wapi? Kwake. Madhara? Hakuna hata moja, kaapa.

Majibu mafupi, yanaeleweka. Naanza kesho asubuhi. Kasema nije na sepetu.