Mausi ya Vitufe Viwili Badala ya Blanketi ya Mama Mkwe

Makongeni, Thika
Jumapili, 15 Machi 1998

Kwa Mama Njau, Ruiru

Mkwe wangu na mama mwenzangu,

KUH: MAUSI MLIYOTULETEA SIKU YA MAHARI

Bwana asifiwe. Sisi tu wazima, hata nguvu za kulalamika tunazo, ndiyo maana nimeketi baada ya ibada kukuandikia. Nimekunywa chai kwanza ili nisiandike kwa hasira. Na wewe kunywa yako kabla hujaendelea.

Mlipouliza mama wa bibi harusi aletewe nini, kila mtu alijua jibu ni blanketi. Baba Ciku alikuwa ameshatoa ile ya zamani kitandani. Mimi nikasema sitaki blanketi, nataka mausi ya kompyuta. Wazee wenu wakatazamana. Mmoja akauliza, "Mama, na hiyo mausi utajifunika nayo aje?" Niliwaeleza siku hiyo, na sasa naeleza tena, kwa sababu naona hamkunisikia.

Kompyuta yetu ilikuwa imechoka katika chuo anachofundisha Ciku, bibi harusi mwenyewe, wakampa aondoke nayo. Mwalimu mwenzake, Bwana Mulei, akatuwekea Linux, programu ya kuendesha kompyuta yote. Nikamuuliza bei. Akasema, "Mama, hii ni bure. Walioitengeneza wanaigawa tu, na ukitaka kuirekebisha umeruhusiwa." Nikasema haleluya hapo hapo, maana kitu kingine cha bure namna hiyo ninachokijua ni neema peke yake. Tangu wakati huo nachapa nyimbo za kwaya ya akina mama. Sasa, kwa Linux, kitufe cha katikati cha mausi ndicho kila kitu. Unapitisha mausi juu ya kiitikio mara moja, halafu kila ubeti ukiisha unabonyeza cha katikati, na kiitikio kinashuka chenyewe bila kuchapwa tena. Mausi yetu ya vitufe vitatu ilikaliwa na mwenyekiti wa kwaya, ambaye si mwepesi. Ndipo nikaomba nyingine kwenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mausi aliyochagua mwanao Njau ina vitufe viwili. Nilisema vitatu, na vidole nikaonyesha. Pale katikati hapana kitu, ni laini kama paji la uso la mtoto mchanga.

2. Sanduku lake limeandikwa kwamba inafanya kazi na Windows. Linux haikutajwa hata kwa herufi ndogo. Wewe ungemnunulia mtoto wangu viatu vyenye jina la mtoto wa jirani?

3. Tulipoichomeka mara ya kwanza, mshale ulikimbilia kona ya juu ya skrini ukakwama huko. Na hii kompyuta yetu ina macho mawili yaliyochorwa, yanayofuata mshale popote unapoenda. Huwa nayachezea nikichoka, nacheka peke yangu. Sasa yakatazama juu, kwa ile kona, yakabaki yametazama kabisa, kama mtu aliyesikia parapanda ya mwisho. Akina mama wawili wa maombi waliokuwa sebuleni wakapiga magoti. Ciku alirekebisha mshale jioni, lakini hao akina mama hawajarudi kwangu kunywa chai. Nasikia bado wanazunguka mtaa wa Kiganjo wakiomba msamaha kwa watu waliowakosea.

4. Wimbo wetu wa Pasaka una beti tisa, na kiitikio chake ni kirefu kuliko ubeti. Vidole vinaniuma.

5. Hapa sasa ndipo nimekosa usingizi. Mwanamume asiyeuliza vitufe ni vingapi, atamuuliza mkewe kama amekula? Leo amesahau kitufe, kesho atamsahau mtoto kliniki. Ciku anamtetea, "Mami, duka la Ruiru lilikuwa na za viwili pekee." Nikamwambia, "Na Thika hakuna maduka?" Akacheka! Nikaogopa zaidi, maana msichana akianza kuchekea makosa ya mwanamume, huyo ameshaenda.

6. Tena, nani atanirekebishia? Linux ni ya watu wote duniani, lakini katika nyumba hii anayeijua ni mmoja, na ndiye mnayemchukua. Mshale ukikwama nimwite nani? Baba Ciku? Yeye akiona skrini imekuwa nyeusi huipiga kofi kidogo na kuiambia ilale salama.

Kwa hivyo naomba kwa unyenyekevu wazee wenu warudi, wote, na makoti yao, wakiwa na mausi tatu zenye vitufe vitatu, nizijaribu mbele ya mashahidi nichague moja. Hilo likishindikana, harusi ya Agosti ingoje mpaka mausi ipatikane. Na isipopatikana kabisa, nimeomba na nimeonyeshwa njia nyepesi kwa kila mtu: Njau ahamie kwetu Makongeni. Najua mwanamume haolewi. Lakini chumba kipo, kimepakwa rangi, na kazi yake ya kiwandani ni hapa hapa Thika. Blanketi nitampa mimi.

Msalimie Baba Njau na goti lake, msalimie shangazi aliyecheza mpaka kiatu kikakatika, na yule mzee wa swali la kujifunika.

Ni mimi dada yako katika Kristo, niliyekosewa lakini nisiye na kinyongo,

Wangeci, Mama Ciku

Nyongeza: Ngoja, usiwasomee wazee bado! Ciku ameingia sasa hivi, alikutana na Bwana Mulei njiani akamwelekeza. Amefungua faili moja, akafuta alama ndogo mwanzoni mwa mstari, iliyokuwa ikiuzuia usifanye kazi, akazima, akawasha. Halafu akanishika mkono: "Mami, bonyeza vyote viwili pamoja." Nikabonyeza. Mama Njau, cha katikati kikaja! Kumbe kilikuwepo, ila hakiji mpaka hivi viwili vikubaliane. Kiitikio kimeshuka beti zote tisa, nikapiga vigelegele mpaka Baba Ciku akatoka bafuni na povu. Kisha Ciku akairudisha ile alama makusudi, akaniambia niifute mwenyewe. Nikaifuta. Ikafanya kazi. Akasema, "Umeona? Hata nikiwa Ruiru utaweza." Nililia kidogo nikasingizia kitunguu, na leo hatukupika kitunguu.

Basi mausi ni nzuri, Njau ni mzuri, na tarehe ya harusi isiguswe na mtu. Yale ya juu sikuyafuta kwa sababu nimeyachapa kwa taabu. Njooni Jumamosi tupange mambo ya keki. Sasa tazama mama mkwe alivyo mtaalamu, neno hili nimelichapa mara moja tu: karibuni karibuni karibuni karibuni karibuni karibuni