Picha Kumi na Tisa kwa Sekunde

Jumatatu, 4 Novemba
Aibu tupu! Jana alasiri niliongoza kikosi chetu cha watu arobaini kulivamia joka la barafu. Nikainua upanga, kompyuta ikaganda. Ilipozinduka, sote tulikuwa maiti. Kasoro mama mkwe wangu, Bibi Ma Bok-sun, miaka sitini na sita, mganga wa kikosi. Anachezea ghorofa ya chini, kwenye kompyuta kuukuu niliyomtupia mwenyewe!

Mchezo unataka picha sitini kwa sekunde. Mashine yangu inatoa kumi na tisa. Sasa wale vichwa maji wanasema Jumamosi tukishindwa tena watapiga kura ya kiongozi. Mimi ndiye niliyekianzisha kikosi hiki! Mkono ninao. Chuma ndicho kibovu.

Jumanne, 5 Novemba
Nimekwenda soko la kompyuta. Muuzaji, mzee Tak, akaniomba nimletee mashine kwanza aiangalie. Nikamwambia mimi si wa kufundishwa. Nikachukua kadi ya picha kubwa kuliko zote dukani, ndefu kama figili. Hye-suk, mke wangu, alikuwa amezitenga pesa hizo kwa jokofu la kimchi, kabichi yetu ya pilipili iliyochachushwa. Mwanamke hana maono.

Kadi haikuingia. Nikakata vyuma viwili vya ndani kwa msumeno. Ikaingia. Nikawasha kwa mbwembwe.

Kumi na tisa.

Jumatano, 6 Novemba
Mama mkwe kapanda na bakuli la kimchi. Akataka kuchungulia nyuma ya mashine. Nikamzuia mlangoni: mama, haya ni mambo ya kitaalamu.

“Haya, mtaalamu,” akasema. “Basi kula kimchi, mkwe wangu. Hicho hakihitaji utaalamu.”

Dharau hiyo! Nimeongeza kumbukumbu ya mashine maradufu kwa hasira. Kumi na tisa.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimegundua! Joto! Nimefunga feni sita, nimefungua mlango wa roshani, nimeisogeza mashine kwenye upepo wa baridi. Picha ishirini na moja! Nimeshangilia peke yangu. Hye-suk alikula chakula cha jioni na koti na glavu. Kasema supu inapoa kabla haijafika mdomoni. Wasiojua sayansi huwa na maneno mengi.

Jumamosi, 9 Novemba
Hye-suk kamwita mama yake bila ruhusa yangu. Bibi akainama nyuma ya mashine, akachomoa kebo ya skrini, akaichomeka pengine. Sekunde tano!

Mia moja na arobaini.

“Skrini uliichomeka kwenye mashine yenyewe, si kwenye kadi,” akasema. “Kadi yako ilikuwa imekaa tu, inapunga upepo.”

Hye-suk alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikawaambia nilikuwa naijaribu mashine kwa makusudi. Bibi akashuka kwake kucheza, akanisihi: “Mkwe wangu, leo tusubiri joka lilale ndipo tuvamie. Tafadhali.”

Nimsubiri nani, mtu mwenye picha mia moja na arobaini? Nikavamia. Safari hii hakuna kilichoganda. Niliona kila kitu waziwazi kabisa: joka likiinuka, likigeuka, likinimeza. Kisha likawameza wengine, mmoja mmoja, bila picha kukwama hata mara moja.

Kura thelathini na tisa kwa mama mkwe. Moja kwangu. Niliipiga mwenyewe.

Jumapili, 10 Novemba
Hye-suk kahamia kwa mama yake na blanketi lake. Kasema huko kuna joto. Nawasikia kutoka chini wakicheka na kikosi kizima. Joka wameliua saa nne asubuhi. Bila mimi!

Nimekaa nikatafakari kwa kina, kama mtu mzima. Kosa nimeliona: skrini. Ni ndogo mno kwa kipaji changu. Kesho nanunua ile pana, iliyopinda.

Mama mkwe amejitolea kunisindikiza dukani. Nimemkatalia kwa heshima. Yule mama hajui kompyuta.