Kibuyu cha Mama Chelimo Kitaenda Mahakamani

Bwana D.O., Chifu Kipkemoi, wachungaji wa madhehebu yote, meneja wa kiwanda cha majani chai, mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti wa kamati ya kuchagua kamati, kwaya ya akina mama, wananchi wa Kimulot, na nyinyi mnaochungulia uani kwa kukosa viti: chamgei! (Umati: "Chamgei mising!")

Mimi, Daktari Wakili Jonah Kipngeno, nina digrii ya bakteria na digrii ya sheria, na katika Afrika Mashariki nzima ndimi wakili pekee anayeweza kumwita bakteria kizimbani na akaja mwenyewe. (Makofi.) Ndiyo maana idara ilinikabidhi Mradi wa Laitigesheni, yaani kesi, ya Patenti za Viumbe Hai, baada ya kampuni moja ya ng'ambo kujiandikisha kwamba ndiyo iliyogundua mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, kuanzia kibuyu mpaka mkaa wa mti wa senetwet, na sasa inamkataza mama yetu Chelimo kuuza maziwa yake sokoni bila ruhusa yao. (Miguno. Sauti: "Kwani hao walikamua ng'ombe gani?") Swali zuri sana, nitaliundia kamati.

Kistrateji, tulimwagiza Mama Chelimo atayarishe kibuyu cha marehemu nyanya yake, chenye bakteria ambao asilimia tisini na tisa nukta nne ni Wakipsigis asilia (kicheko), kifungwe, kisiguswe na mtu, maana ndicho kielelezo chetu cha pekee. Jaji akikinusa tu, hao watu wamekwisha. (Vigelegele.)

Mursik juu! (Umati: "Juu!") Wezi wa bakteria chini! ("Chini kabisa!")

Nikimalizia, nashukuru kwa mapokezi. Tulifika mapema, mko kanisani, lakini tukaona mmetuachia mezani kibuyu kilichofungwa kitambaa chekundu, na kwa kuwa hapa mgeni hanyimwi mursik, msafara mzima ulikunywa, hata dereva Onyiego alilamba kifuniko.

(Mama Chelimo anasimama. "Daktari, hicho ndicho cha kesi. Hicho ndicho cha nyanya yangu.")

Alaa. Mama, usilie, keti kwanza. Hakuna hasara, maana kesi yenyewe hatujafungua, mradi haujawahi kuwepo mahali popote isipokuwa kwenye hotuba hii, na ile idara ni mimi na mkoba wangu. Na kesi ambayo haijafunguliwa, wananchi, haiwezi kushindwa. (Hakuna makofi.)

Asanteni kwa utulivu wenu. Onyiego, washa gari.

(Sauti ya Onyiego: "Mkubwa, funguo amechukua Mama Chelimo.")