Ombi la Kuzuia Wachumba Wasipigwe Picha Jua Linapozama

Kwa Bwana Mkuu wa Bustani za Jiji,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote walio chini yako. Mimi ni fundi mizani, karakana yangu iko nyuma ya soko, na nimeishi na mke wangu miaka thelathini na moja bila kufikishana kwa wazee. Kila Jumamosi jioni tunakuja bustanini kwako, tunaketi kwenye benchi linalotazama bwawa, tunakula karanga, tunarudi nyumbani. Nakueleza haya ili ujue kwamba anayekulalamikia si mtu wa vurugu.

Jumamosi iliyopita, jua likiwa linakaribia kuzama, alikuja mpiga picha na wachumba wawili. Shangazi wa binti alikuwa ameshika bamba jeupe la kurudishia mwanga, kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba sinia la wageni wakubwa. Yaliyofuata ndiyo malalamiko yangu:

1. Tuliombwa tuhame benchi. Tulihama. Lakini mpiga picha aliniita mimi "mzee" na mke wangu akamwita "dada". Hili peke yake lingetosha kukuandikia.

2. Alimwambia yule kijana amtazame mchumba wake kama ndiyo kwanza anamwona. Kijana akatazama. Sijui alijifunzia wapi. Shangazi akashusha bamba ili afute machozi, na mpiga picha akamsihi alinyanyue, maana mwanga ulikuwa unakwisha. Mke wangu alikuwa ameshika karanga moja kati ya mfuko na mdomo, haiendi mbele wala hairudi. Kisha akageuka, akanitazama mimi. Bwana Mkuu, mizani yangu imekaguliwa na maofisa wa vipimo mara kumi na nne. Sijawahi kukaguliwa namna ile.

3. Ili yaishe, nilijaribu. Usiku, mke wangu alipokuwa anakunja nguo, nilisimama mlangoni nikamtazama kama ndiyo kwanza namwona. Akaniuliza kama macho yananiwasha. Asubuhi nilikuta dawa ya matone kando ya kikombe changu cha chai.

4. Jambo limeenea mtaani. Mke wangu alimsimulia jirani, jirani akamsimulia mumewe, fundi bomba tunayemwita Bwana Kimya. Jumatatu Bwana Kimya alionekana amemshika mkewe mkono kwenye foleni ya benki, na wala hawakuwa na msiba. Shemeji yangu amenunua manukato. Wanaume watatu wamekuja karakanani, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza kwa sauti ya chini kama ni mimi niliyeanzisha.

5. Hili ndilo zito, na ningeshukuru ukilisoma ukiwa peke yako. Jumatano nilimwambia mke wangu kwamba picha ni karatasi tu. Hakubishana. Alimaliza kufuta meza, akakamua kitambaa, akasema:

"Karatasi hiyo sisi hatunayo hata moja."

Nilitaka kumkatalia, nikaanza kuhesabu picha zetu. Siku ya harusi yetu picha alipiga mjomba wangu, kutwa nzima, akituamuru tutabasamu, na jioni ikagundulika kwamba hakuweka filamu. Tulicheka sana. Nilikuwa nadhani tulicheka sote wawili. Watoto walipokuja, kamera ilishikwa mara na mimi, mara na yeye. Usiku ule nilitoa albamu kabatini nikaifungua ukurasa baada ya ukurasa. Penye mama baba hayupo, na penye baba mama hayupo. Mtu asiyetujua angesema watoto wale walilelewa na watu waliokuwa wakipishana mlangoni.

Kwa hiyo naomba wachumba wawe wanapigwa picha saa sita mchana, nyuma ya vyoo, ambako mwanga haumdanganyi mtu. Kama haiwezekani, maneno "mtazame kama" yasitamkwe mbele ya watu waliooana zaidi ya miaka kumi. Na kama hilo nalo ni gumu, ipandwe miti mirefu upande wote wa magharibi ili jua lenyewe lisionekane likizama. Miche nitaimwagilia mimi.

Nifikishie salamu kwa wakata majani, kwa mlinzi wa lango la nyuma na mama watoto wake, na kwa bata wote wa bwawani isipokuwa yule mwenye shingo nyeusi, naye anajijua.

Ni mimi, mlalamikaji wako mwenye heshima,
Fundi Mizani

Nyongeza: Barua hii imechelewa kwa sababu jana nilikwenda kwanza kumwonya mpiga picha. Studio yake iko ghorofani, juu ya kinyozi. Nimemwonya vya kutosha. Nafasi pekee aliyobaki nayo ni Jumamosi hii, saa kumi na mbili kasoro robo, na mke wangu ameshapiga pasi gauni mara mbili, kisha akaniambia nisimtazame mpaka siku yenyewe. Tafadhali waambie walinzi wako wasipulize filimbi ya kufunga mapema, na miti hiyo ya magharibi muisubirishe kidogo. Marufuku naomba ianze Jumapili.