Paa la Shemeji

Jumatatu, 9 Machi

Leo mabati ya mwisho yameanza kupanda juu ya Banda. Nimeyatazama kama mtu anayemtazama mchumba wake akiolewa na jirani.

Niandike vizuri, maana siku moja watu watataka kujua. Mimi ni Mkuu wa Kitengo cha Maturubai katika yadi ya meli za jeshi la maji. Miaka yote meli zetu zimeundwa nje, chini ya jua na mvua. Wingu likitokea, wachomeleaji wanaweka vyombo chini na kuniita. Mimi na msaidizi wangu, Fundo, tunafunika meli nzima kabla watu hawajalowa mabega. Hata Afande, mkuu wa yadi, mvua ikija hana la kufanya ila kunisubiri.

Sasa wanajenga Banda. Jengo refu kuliko mtaa ninaokaa. Meli tatu zitaundwa ndani yake kwa pamoja, na hakuna hata moja itakayoona wingu. Na anayeliezeka ni nani? Shemeji! Mdogo wake mke wangu, tumbo moja. Kaja na kampuni ya ujenzi na amelala sebuleni kwangu tangu kenchi ya kwanza ya kubeba paa iliposimama. Anakula kwangu, anaoga kwangu, kisha anakwenda kuifunika riziki yangu kwa bati.

Asubuhi Afande alitukusanya mbele ya Banda. Akasema paa linakamilika Ijumaa, na baada ya hapo maturubai ya nje hayatakuwa na kazi tena, na kwamba... Sikungoja hiyo "kwamba". Niliondoka kichwa juu. Nikajifungia stoo nikaketi juu ya Mama Mkubwa, ndilo jina la turubai letu kubwa kuliko yote. Moyo uliniuma kweli. Hakuna kitu kingine duniani ninachokijua vizuri. Nyumbani kwangu mimi ni Mkuu wa Kitengo. Kitengo kikifa, mimi nitakuwa yule bwana anayeishi na mke wangu.

Lakini wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Paa likivuja, nimepona. Na paa lisilovuja halijaezekwa bado duniani. La kwangu linavuja mahali patatu, chumbani peke yake. Kazi ni kuthibitisha tu.

Jumanne, 10 Machi

Jana jioni nilikuwa mtamu. Nilimpakulia shemeji kwa mkono wangu. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Nikampuuza. Nikamwuliza shemeji, kwa kuzunguka, eti paa kama lile huanzia kuvuja wapi. Akasema halianzii popote. Nikamwongezea mchuzi. Akakiri kwamba alfajiri linatoa jasho kwa ndani, maana matundu ya hewa, yale masanduku ya bati ya kupitishia upepo, hayajapachikwa juu. Jasho! Nililala nalo neno hilo kama mto.

Leo nikawahi kwa Afande. Nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba Banda linalowana ndani. Afande akasema mtu mwenye macho kama yangu ni hazina. Nikaona mambo yananinyookea. Akamwita shemeji. Shemeji akasema ni kweli, matundu yapo hapo chini, amekosa watu wa kuyapandisha. Afande akasema watu hawajakosekana, yupo hapa mmoja mwenye uchungu sana na jambo hili.

Nimeshinda kutwa nikivuta matundu ya hewa kwa kamba hadi kwenye kenchi. Banda halina jasho tena, lote limehamia kwangu. Fundo aliniuliza kwa nini tunalitengeneza paa tunalolichukia. Nikamwambia huo ni mkakati. Akasema sawa. Fundo anasema sawa kwa kila jambo, ndiyo maana tumedumu.

Jumatano, 11 Machi

Nimeona nilipokosea. Adui si paa. Ni mlango!

Milango ya Banda bado haijaletwa. Pale mbele pako wazi, uwazi wa kupitisha meli nzima, na upepo wa bahari unaingia unavyotaka na kuwasumbua wachomeleaji. Nani wa kuuzuia? Mama Mkubwa. Afande akishamwona amekaa pale mlangoni kwa heshima zake, ataisahau milango ya chuma.

Tukampandisha. Nilimwagiza Fundo afunge kona za kushoto kwenye chochote kizito. Akazifunga kwenye jukwaa la wapaka rangi, ambalo kwa kweli ni zito. Lina magurudumu pia. Kona za kulia nilizifunga mwenyewe kwenye nguzo.

Upepo ulikuja. Mafundo yangu yakafunguka yote. Ya Fundo yakashika. Jukwaa, ambalo namshukuru Mungu halikuwa na mtu, likaondoka taratibu likifuata turubai, kisha likachangamka. Likapita mbele ya Afande aliyekuwa akiwaonyesha wakubwa wenzake sakafu mpya. Likamaliza Banda zima na kusimama kwenye rundo la mchanga huko mwisho. Mama Mkubwa amepasuka katikati, juu mpaka chini.

Afande alisema kwamba katika maisha yake yote ya baharini hajaona tanga likifanya kazi vizuri namna ile. Akauliza nani kafunga mafundo yaliyoshika. Fundo akapeana mikono na wakubwa. Halafu Afande akauliza nani kafunga yaliyofunguka. Fundo akasema ni bosi wake, kwa sababu Fundo hajui kusema uongo, kasoro ambayo nimemwonya juu yake mara nyingi.

Nimemkunja Mama Mkubwa kwa mikono yangu miwili. Machozi yalinitoka kidogo. Stoo ina vumbi.

Alhamisi, 12 Machi

Habari kubwa. Kesho ni mtihani wa paa. Zimamoto watakuja na magari yao na kulimwagia maji Banda lote kutoka nje, na sisi tutasimama ndani tukitazama juu, kila mtu na sehemu yake. Likianguka tone moja, paa halipokelewi. Tone moja tu! Nimejitolea wa kwanza. Afande alinitazama muda mrefu kidogo kabla ya kukubali.

Nyumbani shemeji naye akaja na lake. Eti Jumamosi ana nafasi, kwa nini asitutengenezee lile paa la chumbani kabla mvua hazijaanza. Nilikataa papo hapo. Mtu hawezi kukuvunjia kazi mchana halafu jioni akuezekee nyumba. Mke wangu akasema mvua ikinyesha sufuria zake zote zinashika zamu chumbani na yeye anabaki kupika kwa birika. Nikamjibu kwamba mambo ya paa ni ya mwenye nyumba. Akasema vizuri, basi mwenye nyumba aoshe na vyombo.

Nikaosha. Na hapo, kwenye beseni, nikaiona. Sifongo. Ndogo, laini, inashika maji bila kulalamika. Nikaijaribu ndani ya kofia yangu ngumu ya kazini. Ilikaa kama imeshonewa humo. Mke wangu aliniuliza ninacheka nini na vyombo.

Ijumaa, 13 Machi

Naandika hivyo hivyo, ingawa mkono unakataa.

Asubuhi tulijipanga ndani ya Banda. Mimi nilisimama katikati kabisa, hatua chache kutoka kwa Afande, kofia kichwani, sifongo ndani ya kofia, imeshiba. Mpango ulikuwa safi: maji yakifunguliwa naibonyeza kofia, tone linashuka usoni, napaza sauti, paa linakataliwa, maturubai yanarudi.

Sikufikiria kwamba zimamoto watachelewa. Nilisimama, nikasimama. Tone la kwanza likateremka puani. La pili likaingia kwenye kola. Baada ya hapo sikuweza tena kuhesabu, ulikuwa mfereji. Ningefanya nini? Nilifanya nililokuja kulifanya. Nikapaza sauti kwamba linavuja, linavuja juu yangu, waje waone.

Banda ni kubwa. Maneno yangu yalikwenda hadi mwisho yakanirudia. Afande akanitazama, akatazama juu, akanitazama tena. Akaniuliza kwa upole kama nina habari kwamba maji bado hayajafunguliwa.

Nikasema basi labda ni jasho. Akasema matundu si niliyapandisha mwenyewe.

Shemeji akaja. Hapo angeweza kunimaliza, na mimi katika nafasi yake ningemmaliza. Aliivua kofia yangu, akachungulia ndani, akaiona sifongo ya dada yake anayoiona kila siku pale jikoni. Akanivika tena kofia. Akamwambia Afande kwamba shemeji yake ana homa tangu juzi, hutokwa jasho jingi, asamehewe. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kisha maji yakafunguliwa. Ngurumo tupu juu ya vichwa vyetu. Halikuanguka tone, ukiondoa yangu.

Walipomaliza, Afande akaniita pembeni. Nilijua yamekwisha. Akasema Jumatatu niliondoka kabla hajamaliza sentensi. Alichotaka kusema ni kwamba maturubai ya nje hayatakuwa na kazi tena, na kwamba yote yahamie ndani. Wanaosaga kutu na wapaka rangi sasa watakuwa chini ya paa moja, na vumbi la hawa litaharibu rangi ya wale. Yanahitajika mapazia makubwa ya kuwatenga. Kitengo changu hakifi, kinaongezwa watu. Turubai kubwa ndilo alilokuwa akilitegemea kuliko yote, na akaniuliza liko katika hali gani baada ya safari yake.

Nikasema sasa yako mawili.

Kwa hiyo mimi ni Mkuu wa Mapazia. Sharti ni moja: kamba zote atafunga Fundo, mimi nisiziguse. Nimemweleza mke wangu cheo kipya. Alikwenda jikoni na alikaa huko muda, nikasikia kama anakohoa.

Jumapili, 15 Machi

Mvua leo, kubwa. Jana nilishinda stoo nikimshona Mama Mkubwa, kwa hiyo sikuwa na habari. Niliposikia mvua inapiga nikakimbilia jikoni kuchukua sufuria. Mke wangu akaniambia nizirudishe, zina kazi. Jana, nikiwa stoo, shemeji alipanda juu na kuziba mahali pote patatu. Mama mkwe amepiga simu kusema kwamba hatimaye nyumba hiyo imepata mwanamume.

Shemeji anaondoka kesho. Alinipa mkono, akaniambia nijitunze na ile homa. Nilitaka kumshukuru. Mdomo niliufungua kabisa. Halafu nikakumbuka kwamba paa hilo limenyeshewa mvua moja tu, na paa la mvua moja ni ahadi, si paa. Nikamtakia safari njema.

Nimefikiri sana mchana huu. Pazia linakinga pembeni, lakini juu je? Na Banda lenyewe je, likianza kuvuja siku moja juu ya rangi mbichi? Kesho asubuhi nampelekea Afande wazo: turubai moja pana juu ya mapazia yote. Banda ndani ya Banda. Kamba za majaribio nitafunga mwenyewe, ili nisimsumbue Fundo.

Nimechukua sufuria moja nikaiweka chumbani, pale pale pa zamani. Mke wangu akauliza chakula apikie nini. Nikamwambia birika lipo. Nimeketi kando ya sufuria tangu saa nane, mvua haijapungua.

Sufuria bado ni kavu. Nimeisogeza kidogo kushoto.