Shimo Jeusi Ndani ya Simu ya Shangazi

Jumatatu, 3 Juni
Naahidi kuandika yote, hata ya aibu. Dada yangu anasoma fizikia chuo kikuu, na Jumamosi nitamtumia kurasa hizi. Habari yenyewe: shule itapeleka mwanafunzi mmoja kwenye maonyesho ya sayansi. Mmoja tu! Kamusi, ndivyo tunavyomtania, anayekaa dawati la mbele yangu, keshaanza kutembea kama mshindi. Yeye ana volkano. Mimi nina shimo jeusi, lile la angani linalomeza hata mwanga.

Jumanne, 4 Juni
Nimetandaza shuka la mama juu ya viti vinne, nikaweka pasi katikati. Likabonyea vizuri, gololi nilizoachia zikazunguka kuelekea shimoni. Kisha likapasuka. Mama akauliza kama mpasuko nao ni fizikia. Nimeshona hadi vidole vinauma.

Jumatano, 5 Juni
Mwalimu wa fizikia anasema baadhi ya wataalamu wanadhani kila kinachotumbukia kwenye shimo jeusi huacha kumbukumbu juu ya uso wake, kama picha bapa inayobeba kitu chenye kina. Wanaiita holografia. Nilisahau kula! Nimekata chupa ya plastiki, nikaunda piramidi. Ukiiweka juu ya simu, picha huelea ndani. Simu nimeazima kwa Shangazi, fundi cherehani. Hakuniuliza ya nini. Mimi nani nimchoshe kwa maelezo?

Alhamisi, 6 Juni
Mchujo. Mwamuzi: Mwalimu Mkuu mwenyewe. Kamusi akaninong'oneza, "Mwenzangu, hiyo si hologramu, ni chupa inayong'aa." Nikampuuza. Shimo jeusi likaelea, dogo, zuri. Nikatangaza kwamba hakuna kinachopotea, kila kitu kimehifadhiwa! Nikagusa simu ili nyota itumbukie. Kidole kikateleza.
Shangazi huwapiga picha wateja wakijaribu nguo, kisha huandika vipimo juu ya picha hizo. Aliyeelea ni Mwalimu Mkuu, zipu ya gauni imegoma katikati ya mgongo, kipimo cha kiuno kimeandikwa kwa rangi nyekundu. Pande zote nne.
"Kweli, hakuna kinachopotea!" Kamusi akasema.


Ijumaa, 7 Juni
Volkano imechaguliwa. Mwalimu Mkuu amekwenda kuchukua gauni lake kwa Shangazi kabla halijaisha, hakuaga. Shangazi kaniambia, "We mtoto, hata kivuli changu usikikanyage." Nimeomba radhi mara tatu. Nimechoka kama mzee.

Jumamosi, 8 Juni
Nimepumzika, nimefikiri. Kosa liko wazi: skrini ilikuwa ndogo, kidole kikakosa nafasi. Halafu Kamusi anahitaji mtu wa kumbebea volkano kwenye maonyesho, na wengine wote wamekataa. Nimekubali haraka mno, akanikodolea macho. Meza yake ni pana. Pembeni patatosha piramidi.
Dada, nijibu kwa posta ya kwanza: simu yako ina skrini ya upana gani, na unaweza kunitumia bila kuuliza ni ya nini?